Angalia tundu kwanza, waya baadaye

Wiki iliyopita jamaa yangu wa Moshi kanitumia picha ya kiboksi kidogo kimemfikia kwa basi kutoka Dar, chini yake kaandika, "Kaka mbona haiingii?" Ana Hiace kama mimi, anaitengeneza iwe gari ya kulala, paneli iko juu, kontrola ya Renogy (ile inayosimamia umeme wa paneli unavyoingia betri) ameshafunga, na alichotaka ni kitu kimoja tu, aone kwenye simu betri inaendaje. Kanunua adapta ya Bluetooth inaitwa BT-1 na kontrola yake inataka BT-2. Kwenye jina tofauti ni namba moja, lakini BT-1 plagi yake ni nyembamba kama ya simu ya mezani na inaongea lugha ya data inaitwa RS232, BT-2 ni plagi pana kama ya kebo ya intaneti na inaongea RS485, hata ukate waya uunge kwa mkono bado havielewani. Hela ndo imelala hapo.

Na sio yeye peke yake. Tukikaa kupiga stori za magari ya kambi kila mtu anaongelea paneli wati ngapi, betri Ah ngapi (ampea-saa, yaani inabeba umeme kiasi gani), inveta kubwa kiasi gani, halafu waya wa kuunganisha hivyo vitu na simu au laptopu unakumbukwa mwishoni hela ikiwa imeisha. Mimi naona huo waya ungekuwa wa kwanza kufikiriwa, maana bila huo umefunga mfumo ambao huuoni. Unakaa unakisia.

Hiace yangu ilishabeba abiria miaka mingi hapa Arusha kabla sijang'oa siti. Juu kuna paneli za wati 200, ndani betri moja ya lithiamu Ah 100, friji ndogo, taa, feni, chaji za simu, basi. Kontrola ya sola nilichukua BlueSolar 75/15 ya kampuni ya Victron kwa sababu ilikuwa bei chini kuliko SmartSolar ya saizi hiyohiyo. Kwa kazi ya kuchaji ni mashine zinazofanana, ila Smart ina Bluetooth ndani yake na Blue haina, Blue ina kitundu kidogo cha pini 4 kinaitwa VE.Direct na ukitaka kuiona kwenye simu ununue kile kidude cha Bluetooth cha kuchomeka pale. Nilivyojumlisha bei ya Blue na ya kidude nikakuta nimepita bei ya Smart. Kwa hiyo kama unanunua leo, jumlisha vyote viwili kabla hujalipa. Kama Blue unayo tayari, au umepewa, kidude kinakutosha kabisa wala usibadilishe kontrola.

Ila kuna kitu kuhusu hicho kidude. Kikikaa kwenye tundu, tundu limejaa. Kontrola ina VE.Direct moja tu, kwa hiyo siku ukitaka kuiunganisha na mashine ya kukusanya taarifa kama Cerbo GX itabidi uking'oe, Bluetooth inaondoka nayo. Ukiwa na ile ya Smart hupati hilo tatizo, waya uko tunduni na simu inasoma hewani kwa wakati mmoja.

Sasa niwaambie ya Pangani, maana ndio iliyonifanya niheshimu hizi waya. Tulikaa siku 3 chini ya miembe, kivuli kizuri, watoto wanashinda baharini, na friji ina samaki tulionunua kwa wavuvi asubuhi ile. Nilikuwa nimeshaweka SmartShunt, ile shanti inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka kwenye betri halafu inakupa asilimia. Kila siku saa sita hivi mchana nikiangalia simu, asilimia 100. Nikawa na amani kabisa. Usiku wa tatu friji ikazima, taa zikazima, kila kitu kimya, betri imejikata yenyewe. Naangalia simu, imebaki imeganda kwenye asilimia 60 na kitu. Mke wangu akauliza, "Sasa hiyo sitini iko wapi?" Nikakosa jibu.

Jibu nililipata asubuhi nimekaa mlangoni kwa gari, naperuzi setingi za shanti moja moja. Shanti haioni ndani ya betri, inahesabu tu, kwa hiyo inahitaji alama ya kujua sasa betri imejaa nianze upya kwenye 100. Alama yenyewe ni mambo matatu kwa pamoja: voti zifike kiwango fulani, umeme unaoingia uwe umepungua chini ya asilimia 4 ya ukubwa wa betri, na hali hiyo ikae dakika 3. Kiwango cha voti kilikuwa bado 13.2, sikuwahi kukigusa. Betri ya lithiamu hata ikiwa nusu, ukiichaji kidogo tu inakaa kwenye 13.3 huko. Na chini ya ule mwembe paneli zilikuwa zinaleta ampea 2 hivi, wakati asilimia 4 ya Ah 100 ni ampea 4. Kwa hiyo masharti yote matatu yalikuwa yanatimia kila mchana, shanti inaruka kwenye 100 na betri haijajaa hata kidogo, usiku tunakula umeme, kesho yake inaruka tena, na deni linaongezeka chini chini.

Nikapandisha kiwango kikawa 14.0 kwa vile kontrola yangu inachaji mpaka 14.2. Kazi ya dakika moja kwenye simu! Samaki tuliwaokoa kwa barafu ya kununua.

Ndio maana nasema kuangalia na kuseti ni kazi mbili tofauti na kifaa ukinunue ukijua unataka ipi. Kile kimita cha voti cha kupachika ukutani kitakuonyesha namba ila setingi hubadilishi. Unahitaji njia ya kuingia ndani ya kifaa chenyewe.

Bluetooth nayo ina mipaka yake na kwenye Hiace utaiona haraka. Mimi betri iko ndani ya boksi la chuma nyuma ya siti ya dereva, shanti imo humo humo, na bodi ya gari yenyewe ni bati. Nikiwa ndani napata, nikitoka nje nikaenda kwenye moto inapotea. Ningeanza upya ningechukua BMV-712, shanti inayokuja na kioo chake, kwa sababu ile Bluetooth yake iko kwenye kioo kile cha duara sio kwenye shanti, na kioo kinaunganishwa kwa waya wa mita 10 unaokuja nao kwenye boksi, kwa hiyo chuma kinabaki na shanti wewe unaweka kioo karibu na mlango. Na hata simu ikiwa imekufa chaji unaona asilimia kwa macho. Jambo lingine, mara nyingi kifaa kinakubali simu moja kwa wakati, kwa hiyo ukiona hakikujibu uliza kwanza kama fundi au mwanao hajajiunga na simu yake.

Kuna watu watasema sasa Bluetooth si inatosha, waya wa nini. Mimi ninao wa VE.Direct kwenda USB na sisafiri bila huo. Unachomeka kwenye laptopu au kwenye simu ya Android kupitia ile adapta ndogo ya OTG ya kuchomekea USB kwenye simu, unafungua VictronConnect, programu ileile ya kuangalia kwa Bluetooth, na hauwezi kukatika katikati ya kuapdeti. Faili za kuapdeti zimo ndani ya programu yenyewe kwa hiyo ukishaipakua mjini hata uko Ziwa Natron bila mtandao unafanya kazi. Wenye iPhone huo waya hautawasaidia, nyie mbaki na Bluetooth au mwende na laptopu.

Hapa kwenye waya wa USB naomba nikae kidogo. Mtandaoni zipo za bei ya kutupa, mtu kachukua plagi ya pini 4 kaunga na kichipu cha USB kaimaliza. Namba utaziona, ndio. Shida ni kwamba ule waya halisi una utenganisho ndani yake, yaani umeme wa upande wa shanti na umeme wa upande wa laptopu haugusani, taarifa tu ndio zinavuka. Kwenye gari hii ina maana kubwa. Hasi ya vifaa vyote inapita kwenye shanti kwanza ndio ifike betri. Kile kitundu cha data hasi yake iko upande wa betri. Sasa ukichaji laptopu kwa umeme wa gari hiyohiyo, hasi ya laptopu iko upande wa pili, na ule waya wa bei rahisi mwembamba kama uzi unakuwa umeziunganisha pande mbili, unaizunguka shanti. Siku za kawaida utaona hesabu haziko sawa kidogo tu, maana shanti ya ampea 500, umeme wote huo ukipita, tofauti kati ya pande zake mbili ni milivoti 50, kwa hiyo ukivuta ampea 100 tofauti ni milivoti 10. Lakini siku nati ya waya mkubwa wa hasi imelegea kwa kutikiswa na barabara, na barabara zetu mnazijua, umeme wote wa inveta utatafuta njia ya kurudi betri na njia iliyobaki ni huo uzi. Utaungua. Kwa hiyo huo sio wa kubana hela.

Mtego mwingine ni plagi ya RJ45, ile pana ya kebo ya intaneti. Mwaka jana nilisaidia kwenye Land Cruiser ya rafiki ina MultiPlus, ile inveta na chaja pamoja, fundi akawa ameshika kebo ya intaneti mkono mmoja na laptopu yangu mkono mwingine, "Bosi plagi si ileile, nachomeka tu." Nikamzuia mkono ukiwa njiani. Ni kweli plagi ni ileile na inaingia vizuri kabisa, lakini kwenye MultiPlus lile tundu ni VE.Bus sio mtandao, unahitaji kiboksi cha katikati kinaitwa MK3-USB, kebo ya intaneti inatoka inveta inaingia kwenye MK3, halafu USB ndio inakwenda laptopu. Kontrola za EPEver aina ya Tracer AN nazo zina tundu hilohilo kwa ajili ya RS485, na pini ya 1 na ya 2 zinatoa umeme wa voti 5. Usimchomekee router wa watu hapo. Nunua waya wao wa USB wa RS485 au kile kiboksi chao cha Bluetooth, na soma namba ya modeli ya kontrola kwenye kibandiko sio kwenye tangazo.

Cerbo GX naulizwa sana. Ni kifaa kizuri, kina matundu 3 ya VE.Direct, kinaweza kusoma matenki ya maji na joto, na kikipata intaneti unaona gari yako ukiwa popote. Ila kinakula kama wati 3 mchana na usiku, hiyo kwa siku inakaribia Ah 6 kwenye mfumo wa voti 12, na kwenye betri ya Ah 100 chini ya mwembe hiyo naisikia. Kama gari unaiacha wiki nzima na friji inafanya kazi, au unakodisha kwa wageni na unataka kujua wamefanya nini, nunua. Kwa mimi ninayelala umbali wa mkono mmoja na betri, shanti na kontrola zinatosha. Na kama una ile Cerbo ya mwanzo ujue USB ni 3 ila ya karibu na HDMI inatoa umeme tu, waya wa data ukiuchomeka pale utahangaika bure.

Kuna moja nzuri wengi hawaitumii. Kontrola yenye Bluetooth, hata kama ni ya kile kidude, inaweza kujiunga na shanti hewani bila waya wowote, wenyewe wanaita VE.Smart Networking. Shanti inaiambia kontrola voti halisi za pale kwenye betri, maana kontrola ikiwa mbali na waya ni mwembamba inasoma juu kuliko ukweli na inaacha kuchaji mapema. Ukiongeza sensa ya joto kwenye shanti, kontrola inajua na joto pia. Hiace injini iko chini ya siti za mbele, ukitoka kupanda mlima pale nyuma ya dereva pamechemka kabisa, kwa hiyo sensa mimi nimeifunga kwenye nguzo ya betri yenyewe.

Kabla hujafunga skrubu ya mwisho piga picha kibandiko cha kila kifaa, kina PIN na PUK. Vya zamani PIN ni 000000, badilisha siku hiyohiyo, ukipaki kambini mtu wa gari la jirani anaingia kwenye setingi zako. PUK ndio inayokutoa ukisahau, na kibandiko chenyewe kitakuwa kimegeukia ukutani nyuma ya boksi.

Urefu nao. Waya za VE.Direct zinauzwa kwa saizi, sentimita 30, 90, halafu mita 1.8, 3, 5 na 10, sio za kuunga. Mimi napima kwa kamba ya katani, naipitisha kulekule waya utakapopita, chini ya zulia, nyuma ya ubao, naacha kitanzi kidogo kila mwisho halafu naitandaza chini naipima. Jumamosi nilimwambia jamaa wa Moshi afanye hivyo kabla hajaagiza tena. Akanitumia picha ya kamba iko kwenye sakafu ya gari pembeni ya rula ya mwanae, na picha ya pili ya tundu la kontrola, karibu, na tochi, namba ya modeli inasomeka vizuri. BT-2. Mzigo unakuja Alhamisi.