Kumbukumbu ya mradi wangu: lambo kwanza, ziwa baadaye

Juma la kwanza la Julai

Nimeanza kuandika mpango huu mapema kwa sababu safari ya uvuvi ya mwaka jana tuliipanga kwa siku mbili tu, tukarudi Sweya, Mwanza, na ndoo tupu na petroli iliyobaki kidogo mno kwa usalama wa watu wanne. Safari hii itakuwa na maji mawili. Siku ya kwanza tutavua kambare katika lambo, yaani bwawa la kuchimbwa, la kijiji kimoja cha wilaya ya Misungwi, na siku ya pili tutawatumia kambare wadogo kuwa chambo cha sangara kwenye mlango wa Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria. Wenzangu walitaka twende ziwani moja kwa moja, lakini mjomba wangu, aliyevua kwa migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi, tangu ujana wake, aliniambia, “Mpwa wangu, sangara hafuati ndoano, anafuata kilichoko kwenye ndoano, tena kikiwa hai.” Tangu hapo sikuona sababu ya kubishana zaidi.

Katikati ya Julai

Leo nimeshughulikia tarehe, na hapa ndipo nimetumia muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na kulichafua ziwa. Kwa ziwa lenyewe jambo hilo ni heri, kwa kuwa maji ya juu na ya chini huchanganyika na hewa hufika hadi vilindini, ila kwa mtumbwi wetu wenye injini ndogo mawimbi hayo si ya kuyajaribu. Kusi likiisha, maji ya juu hupata joto na kukaa juu ya maji baridi bila kuchanganyika nayo vizuri, na kilindi huanza kupungukiwa hewa. Sangara hastahimili maji yenye hewa kidogo, kwa hiyo katika majira hayo hakuna faida ya kushusha mshipi mahali penye kina kirefu kwa kudhani kwamba kina ndicho chenye samaki wakubwa. Mlango wa ghuba una kina cha mita 25 hivi, na kwa hesabu yangu hapo panatufaa zaidi kuliko katikati ya ziwa, ambako kina hupita mita 60.

Nimechagua mwisho wa Septemba, kusi likiwa limetulia na mvua za vuli hazijashika. Tutaondoka saa 12 asubuhi na kugeuza mtumbwi saa 5, kwa kuwa mchana jua likishaipasha nchi kavu joto, upepo hutoka ziwani kuelekea pwani na kuyainua maji. Usiku sitakubali kukaa majini, hata mwenzetu mmoja anayetamani kuvua karibu na taa za wavuvi wa dagaa akinisihi vipi. Radi na dhoruba za ziwa hili hupenda usiku, na wakazi wa pwani wanalijua hilo vizuri.

Agosti, Jumamosi ya pili

Jaribio la ndoo. Niliweka kambare sita na furu sita, samaki wadogo wa ziwani, katika ndoo mbili za lita 20, kila aina na ndoo yake, nikazifunika kwa wavu na kuzipakia kwenye gari, kisha nikasafiri nazo kwa saa tatu. Furu walianza kupanda juu kutafuta hewa kabla ya saa moja kwisha, na nilipofika nyumbani wanne walikuwa wamekufa. Kambare wote sita walikuwa hai, kwa sababu wana kiungo kinachowawezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, na ndiyo maana huishi katika lambo ambalo kiangazi hulifanya tope. Kwa hiyo chambo ni kambare.

Kuna sharti nililoliandika kwa wino mwekundu: maji ya ndoo hayamwagwi ziwani, na chambo kinachobaki hakiachiliwi huko. Kambare yumo ziwani tayari, lakini katika ndoo ya maji ya lambo huingia na vingine tusivyovichagua. Sangara mwenyewe aliletwa ziwani na watu katika miaka ya 1950 na 1960, na mamia ya aina za furu zilipungua au kutoweka kabisa baada ya yeye kuenea. Ninampenda sangara na ninamvua kwa furaha, lakini sitaki kuwa mtu wa kuongeza mgeni mwingine.

Mwisho wa Agosti

Nimekwenda kijijini kumwona mwenyekiti na kuomba ruhusa. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza swali moja tu, nalo lilikuwa la haki: ndoano zitakazokatika zitakwenda wapi? Lambo lile lilichimbwa kwa ajili ya mifugo, na ng'ombe akimeza ndoano hasara ni ya mwenye ng'ombe. Nilimwahidi kwamba kila mmoja wetu atakuwa na ndoano tano zilizohesabiwa, tutavua upande wa tuta ambako mifugo hainywi, na hakuna atakayeingia majini, jambo linalotukinga pia na kichocho.

Juma la kwanza la Septemba

Vifaa vimekaribia kukamilika. Nimenunua ndoano namba 8 kwa ajili ya sangara, nikikumbuka kwamba namba ikipanda ndoano hupungua, na chubwi nzito za kushusha chambo karibu na sakafu ya ziwa. Nimechora pia alama mbili kwenye ubao wa mtumbwi, sentimita 25 kwa sato na sentimita 50 kwa sangara, kwa kuwa walio chini ya vipimo hivyo kanuni zinakataza kuwavua na watarudi majini palepale. Petroli ni lita 30, na 10 kati yake haziguswi.

Lililobaki ni jaketi okozi. Tunazo tatu na sisi ni wanne, na mwenzetu mmoja amesema kwamba anajua kuogelea. Nimemjibu kwamba kila nipitapo Igoma, penye makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, nawaza ni wangapi kati yao walijua kuogelea. Kesho nakwenda mjini kununua jaketi ya nne, na tarehe ya safari sitaithibitisha kwa mjomba kabla sijaileta jaketi hiyo nyumbani.