Siku moja maishani mwangu: darasa la awali, Pangani

Shule yetu ilianza kama shule shikizi, yaani tawi la shule nyingine. Wanakijiji walifyatua matofali na kusimamisha vyumba 2 ili watoto wa miaka 5 wasiende kwa miguu hadi shule mama. Darasa langu lina watoto 40, na ninasaidiwa na mama mlezi mmoja anayetoka kijijini. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu 1 kwa watoto 25, kwa hiyo tunafanya kazi kwa makundi 2 ya watoto 20: kundi moja kwangu, jingine kwenye kona za kujifunzia kwa mama mlezi, kisha wanabadilishana.

Saa 12:30 asubuhi

Kazi ya kwanza ni maji. Tuna vibuyu chirizi 2 vya kunawia mikono, kila kimoja dumu la lita 5 lililotobolewa kwa msumari uliopashwa moto. Maji yasipite usawa wa tundu, la sivyo yanavuja hata dumu likiwa limesimama. Sabuni inaning'inia kwa kamba ya katani, na juu yake tumefunika kopo la bati. Bila kopo mvua inaiyeyusha, na kunguru wanaibeba.

Saa 1:30

Nasimama mlangoni. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, umeamkaje?" Nainama hadi usawa wa macho ya mtoto, maana hapo ndipo ninapoona macho mekundu, upele katikati ya vidole, au mtoto aliyetoka nyumbani akilia. Kisha kila mmoja anatafuta kadi ya jina lake kwenye meza na kuitundika ukutani. Kadi ni vipande vya maboksi vyenye jina na picha: samaki, ngalawa, nazi. Kufikia Machi wengi hawatazami picha tena, wanatafuta jina. Kadi zilizobaki mezani ndiyo orodha ya watoro, na watoto wenyewe ndio wanaouliza mwenzao yuko wapi.

Saa 2:00

Vipindi ni vya dakika 20. Vikizidi hapo, unafundisha migongo.

Tunaanza na masikio. Natamka neno, watoto wanapiga makofi kwa kila silabi. Embe: makofi 2. Mtoto: makofi 3, m-to-to, na hapa walimu wengi hukosea kwa sababu wanasikiliza kwa macho. Wameona "mt" imeandikwa pamoja, wakadhani ni pigo moja. Mtu ni makofi 2, mbwa ni 2, nchi ni 2. Lakini mbuzi pia ni 2, mbu-zi, kwa kuwa m hiyo imeungana na b. Mtoto asiyejua maandishi hupatia kuliko mtu mzima. Kazi yangu ni kutomharibia sikio lake.

Herufi tunaitaja kwa sauti yake, "mmm", midomo imefungwa. Mtoto aliyezoeshwa kuiita "ma" akikutana na mu atasoma "ma-u", na utamlaumu bure. Tunatangulia na irabu 5, kisha m na k. Kwa herufi hizo 7 pekee ana mama, mimi, kaka, kuku, kima na mkeka: maneno ya nyumbani kwake kabisa. Herufi b na d hatuzifundishi karibu karibu. Tunaziachanisha kwa wiki kadhaa, hadi b ikae vizuri mkononi, kwani zikija pamoja mtoto anazigeuza na kuzinyoosha tena ni kazi ndefu.

Saa 3:00

Hisabati kwenye mkeka. Vizibo vya soda 10 kwa kila mtoto, na kifuu cha nazi. Maharage na kunde hatutumii: mtoto akiingiza punje puani au sikioni, inavimba kwa unyevu na kuitoa ni shughuli ya zahanati.

Mtoto anayeimba moja hadi ishirini anajua wimbo, hajajua kuhesabu bado. Namwambia, "Nipe vizibo 7." Hapo makosa yanajitokeza: anagusa kizibo kimoja mara mbili, au kinywa kinakimbia kuliko kidole. Dawa ni kifuu. Anadondosha kizibo, kinalia "ko", ndipo anataja namba. Kizibo kilichokwisha kuingia hakiwezi kuhesabiwa tena. Akimaliza namuuliza, "Viko vingapi?" Akianza upya kutoka moja, hajaelewa kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla, na simpeleki mbele hata kama wenzake wako kwenye kujumlisha.

Fimbo haimo darasani. Anayeogopa hunyamaza, na akinyamaza siwezi kujua amekwama wapi.

Saa 4:00

Uji. Watoto 40 kwa robo lita ni lita 10, na unga ni kilo 1.2: vipimo 6 vya mahindi, 1 cha soya, 1 cha karanga. Unga unakorogwa kwanza kwa maji baridi; ukimwagwa mkavu kwenye maji ya moto unafanya mabonge, na bonge halijaiva ndani. Soya lazima ikaangwe kabla ya kusagwa, mbichi inavuruga tumbo. Karanga zinachaguliwa moja moja, zenye ukungu zinatupwa, maana sumukuvu, sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha.

Kwa siku 20 za mwezi tunahitaji mahindi kilo 18, ndiyo maana mkutano wa wazazi ulikubaliana nusu kilo kwa kila mtoto. Ambaye nyumbani hawakuleta anakunywa kikombe kilekile. Orodha ya michango iko kwa kamati, haibandikwi ukutani, mtoto asije akaona aibu kwa jambo lisilo lake.

Saa 4:40

Nje: kuruka kamba, kubeba maji kwenye kopo bila kumwaga, kufinyanga udongo. Vidole vikipata nguvu ndipo penseli inashikika. Kuandika kunaanza kwenye sinia la mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa sentimita 1 hivi. Ukiwa na unyevu unanata na mstari haufutiki. Anayetumia mkono wa kushoto anaachwa nao.

Saa 5:40

"Paukwa!" "Pakawa!" Jumatano msimulizi huwa bibi au babu wa kijijini, na mimi nakaa chini pamoja na watoto. Msimulizi anasimama katikati ya kisa na kuuliza, "Sasa sungura atafanyaje?" Majibu yao yananieleza kuhusu lugha yao kuliko jaribio lolote.

Saa 6:00 mchana

Kila mtoto anakabidhiwa kwa mtu anayemjua. Kisha daftari: kila siku naandika habari za watoto 4, ili katika siku 10 za shule nisimruke hata mmoja. Siandiki "anajitahidi". Naandika "anahesabu hadi 6, anaruka 7, anasikia sauti ya kwanza ya neno, ya mwisho bado".

Mwisho kabisa ni vizibo. Viko 200, na mama mlezi anavihesabu kumi kumi kurudi kwenye ndoo. Vikipungua, tunainua mkeka kwanza, halafu tunakung'uta vifuu.