Tulivyonasa plastiki mtaroni kabla hazijaingia Mto Nzovwe

Plastiki za upande wetu wa Jiji la Mbeya hazifiki baharini. Naanza na hilo kwa sababu matangazo mengi ya usafi yanaongelea kasa na nyangumi, na mtu wa Iyunga anayetupa kopo mtaroni anajua fika kwamba kasa yuko mbali naye. Maji ya huku yanaingia Mto Nzovwe, Nzovwe unaingia Songwe, na Songwe unakwenda kuishia Ziwa Rukwa. (Songwe huu ni ule wa Rukwa, si ule wa mpakani na Malawi unaoingia Ziwa Nyasa.) Rukwa halina mto unaotoka. Maji yake yanaondoka kwa kukaushwa na jua, na kisichokauka kinabaki humo humo. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa mito zaidi ya 1,000, mingi ikiwa midogo inayopita mijini, ndiyo inayobeba asilimia 80 ya plastiki zinazoingia baharini kupitia mito. Hesabu ya namna hiyo inahusu bahari. Ziwa lisilo na mlango wa kutokea halimo, lakini chupa zimo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kibanda changu cha mageti na madirisha kiko kando ya mtaro mkubwa unaoshuka kuelekea Nzovwe, kwa hiyo nimeona mengi bila kuyatafuta. Kiangazi chote mtaro ni mkavu na watu wanautumia kama jalala. Mvua za kwanza za Novemba au Desemba zinaposhuka kutoka milimani, zinasomba taka ya miezi yote kwa siku chache. Ukitaka kunasa plastiki, nasa hapo. Mvua za Machi zinaleta matope zaidi kuliko taka.

Wazo la kwanza la fundi chuma ni chuma: suka nondo, weka wavu katikati ya mtaro, basi. Sikulifanya. Wavu uliosimama ukijaa taka unageuka bwawa, maji yanapanda na kutafuta nyumba za watu. Mwaka 2022 shirika la The Ocean Cleanup, lenye wahandisi na fedha, liliweka uzio wa kunasa taka kwenye mto Las Vacas nchini Guatemala, na mafuriko yakaushinda. Kama wao walishindwa na uzio, mimi na mashine yangu ya kuchomelea ni akina nani?

Huko huko Guatemala, kwenye mto Motagua, kulikuwa na jambo jingine lililonivutia zaidi. Walitengeneza boya refu kwa chupa tupu zilizofungwa ndani ya wavu, likatandazwa juu ya maji. Taka inayoelea inagonga boya na kusimama, maji yanapita chini. Nilitazama pia gurudumu la Baltimore, Marekani, linalofanya kazi tangu 2014: maji ya mto yenyewe yanalizungusha, jua linasaidia, na taka inapanda kwenye mkanda hadi kwenye kontena. Amsterdam mwaka 2019 walianza kupuliza hewa kutoka bomba lililolala chini ya mfereji, mapovu yanasukuma taka pembeni na meli zinapita juu yake. Ni kazi nzuri sana. Ila mtaro wetu ni mkavu nusu mwaka, na mapovu yanataka umeme usiku na mchana. Chupa tupu ninazo.

Basi tukaunda boya. Nilikusanya chupa za lita moja na nusu zenye vizibo, kwa sababu chupa inaelea kwa hewa iliyofungiwa ndani. Plastiki yake yenyewe ni nzito kuliko maji, ukitoa kizibo inajaa na kuzama. Wavu chakavu wa kuvulia tuliupata kutoka Kyela, ukaletwa juu ya basi pamoja na ndizi. Chini ya boya tukashona sketi ya turubai zito la lori, urefu wa shubiri moja na zaidi kidogo, yenye vipande vya nondo pindoni ili isimame wima. Kijana mmoja alipendekeza salfeti kwa kuwa zinapatikana bure. Nilikataa. Salfeti ikikaa juani miezi michache inachanika nyuzi nyuzi, na zile nyuzi ni plastiki ileile tunayotaka kuizuia.

Jirani yangu ana mpangaji anayesoma uhandisi Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), kilicho hapa hapa Iyunga. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima kasi ya maji kwa gunzi la mahindi: pima mita kumi ukingoni, tupa gunzi, simu ihesabu sekunde. Akaniambia jambo ambalo sasa namwambia kila anayeniuliza: kasi ikiwa mara mbili, nguvu ya maji kwenye boya inakuwa mara nne. Na maji yakija kasi huku boya limekatiza moja kwa moja, taka inapiga mbizi na kupita chini ya sketi. Ndiyo maana boya letu limelazwa mshazari. Ncha ya juu imefungwa ng'ambo, ncha ya chini iko upande wetu, na mkondo wenyewe unaisukuma taka pole pole hadi ukingoni, kwenye kizimba nilichokichomelea. Hapo ndipo chuma changu kilipopata kazi.

Mahali pa kuweka boya hapakuamuliwa na maji. Tuliamua kwa kuangalia guta linafika wapi. Kuna sehemu nzuri zaidi chini kidogo, mtaro ni mpana na maji yametulia, lakini njia yake ni ya miguu na taka iliyolowa ni nzito kama mawe. Tulichagua karibu na kivuko, panapofika guta.

Halafu kikaja kikao cha mtaa, na kusema kweli hicho kilikuwa kigumu kuliko kazi yote ya mikono.

Mzee mmoja ambaye nyumba yake ipo bondeni alisimama kabla sijamaliza kueleza. "Fundi, mimi nimezaliwa hapa. Mkiuziba huu mtaro, usiku wa mvua nitalala wapi na wajukuu?" Nilimheshimu kwa swali hilo, maana lilikuwa swali lenyewe. Nikamwonyesha kamba mbili. Ncha ya juu ya boya imefungwa kwa mnyororo. Ncha ya chini imefungwa kwa kamba nyembamba ya katani, kwa makusudi. Maji yakizidi, katani inakatika kwanza, boya linafunguka kama geti na kulala kando ya ukingo wa ng'ambo, njia inabaki wazi. Taka iliyonaswa inaondoka, ndiyo, lakini hakuna nyumba inayojaa maji. Mzee akaomba aishike ile kamba. Akaivuta, akaitazama, akasema ipunguzwe unene. Tukaipunguza.

Mwenyekiti naye alitaka kujua sheria inasemaje, kwa sababu watu wa mabondeni wameshaondolewa sana kwa sheria ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ile iliyo kwenye kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Tukakubaliana hatumwagi zege wala hatujengi chochote cha kudumu. Boya linafungwa mvua zikikaribia, linafunguliwa kiangazi. Mtendaji akaandika barua kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, ambayo ofisi zake ziko hapa Mbeya, na nakala kwa bwana afya. Watu wengi wanaona barua kama usumbufu. Mimi naona ile barua yenye mhuri imetuokoa na maswali mengi, maana kila afisa mpya akipita na kukuta madubwana yanaelea mtaroni, tunamwonyesha karatasi.

Nilidhani tumemaliza. Nyuma kabisa akainuka kijana mwokota chupa, mmoja wa wale wanaotembea na kiroba mgongoni alfajiri.

"Fundi, shikamoo. Hizo chupa mtakazozinasa ni za nani?"

Kikao kikanyamaza. Vijana wale walikuwa wakiokota chupa huko chini, pale mtaro unapozitema kwenye majani, na ndizo zinazowalisha. Boya langu lingezinasa kabla hazijawafikia. Kwa jina zuri la mazingira ningekuwa nimewanyang'anya riziki, na usiku mmoja tu wa kisu kwenye wavu ungemaliza mradi. Haki yao.

Makubaliano yaliandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Chupa zote na plastiki ngumu, yaani ndoo, madumu na viti vilivyovunjika, ni mali ya vijana wale. Kwa malipo hayo, kila baada ya mvua wanasafisha boya kabla ya saa sita mchana, na wanatoa kila kitu: chupa, matambara, majani, hata mbwa aliyekufa. Hawachagui. Kinachouzika wanauza, kisichouzika kinapakiwa kwenye guta hadi ghuba la taka, ambapo gari la halmashauri linapita. Gharama ya guta inatoka kwenye mauzo ya chupa, na yakipungua mtaa unaongeza kutoka kwenye ada ya taka. Kifungu hicho cha mwisho kilibishaniwa mpaka magharibi, na mpaka leo kinabishaniwa bei ya chupa ikishuka.

Mnunuzi wa plastiki tuliyempata mjini ana masharti yake. Hataki chupa zenye matope, hataki za rangi zichanganywe na nyeupe, na vizibo vikae peke yake kwa kuwa ni plastiki ya aina nyingine. Vijana wakaanza kuzisuuza kwa maji ya mtaroni na kuzianika juu ya wavu. Chupa kavu iliyochambuliwa inaheshimika kwenye mizani.

Kuhusu mifuko, nilichokiona mtaroni ni hiki. Tangu katazo la tarehe 1 Juni 2019, rambo mpya zimepungua kweli kweli. Zinazotoka sasa ni za zamani, maji yanazifukua kutoka kwenye matope zikiwa zimefifia rangi. Lakini vifungashio, vile laini visivyo na mikono, vimechukua nafasi yake, na watu wanavibebea nyanya na dagaa kama vile katazo halikuwahi kuwepo. Havina mnunuzi. Baadhi ya majirani walitaka tuvichome pale pale. Tulikataa, moshi wa plastiki ni sumu, na kibanda changu tayari kina moshi wa kutosha. Kijana mwingine akaja na wazo la kuyeyusha na kuchanganya na mchanga tupate matofali. Inawezekana, watu wanafanya, ila kwa sufuria la wazi nyuma ya nyumba utakuwa umeondoa plastiki mtoni na kuiweka kwenye mapafu.

Siku moja, baada ya mvua kubwa, nikashuka bondeni kwa mama mmoja mwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, vya mchicha na kabichi, nikiwa na fahari yangu. Mtaro ulikuwa umeanza kuonekana msafi. Nikamsalimu, nikamuuliza anaonaje.

"Ndaga, asante mwanangu, mmefanya kazi. Lakini mimi chupa hazikunisumbua kamwe. Chupa naiokota naweka mafuta ya taa. Kinachonifukuza hapa ni pampasi."

Alikuwa sahihi. Pampasi ikishanyonya maji haielei vizuri. Inatambaa katikati ya maji, inapita chini ya sketi, inakwenda kulala kwenye mboga. Ningeweza kurefusha sketi, lakini kadiri inavyoshuka ndivyo maji yanavyolisukuma boya kwa nguvu zaidi, na katani ya mzee ingekatika kwa mvua ya kawaida.

Kwa hiyo tuliacha boya kama lilivyo tukapanda juu, kwenye nyumba za wapangaji. Wala hakuna aliyekuwa mkaidi. Gari la taka linapita mara moja kwa wiki, chumba ni kimoja, mtoto ana miezi sita. Nani atakaa na pampasi za siku saba ndani? Giza likiingia zinakwenda mtaroni. Mama wa vinyungu na wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa wakanunua mapipa matupu, mimi nikayachomelea mifuniko yenye bawaba na miguu ya kuyainua mbwa wasifike, yakawekwa kwenye nyua zenye wapangaji wengi. Guta lile lile linapita kuyamwaga katikati ya wiki. Kila mpangaji mwenye mtoto mdogo anachangia kidogo, na mwenye nyumba ndiye anayekusanya pamoja na kodi, jambo ambalo wenye nyumba wawili bado wanalikataa.

Kwao hatujaweka mapipa. Wanawake wa kikundi wamesema wataendelea kuwatembelea baada ya ibada hadi wakubali, na mwenye guta ameshatuambia kwamba nyumba hizo zikiingia, atataka bei mpya kwa sababu ya kile kilima.