Nilikwenda Kyoto Kutafuta Ganda la Tunda

Nauli ya treni kutoka Kobe hadi Kyoto ni zaidi ya yeni 1,000, tena kwenda tu. Nilisimama mbele ya mashine ya tiketi nikibadilisha yeni kuwa shilingi kichwani, na nyuma yangu watu wanangoja bila hata kukohoa. Kozi yetu ya usindikaji wa mazao ilikuwa imefika wiki ya tano, na hiyo ndiyo siku pekee tuliyopewa tuitumie tupendavyo. Wenzangu walikwenda Osaka kununua simu na viatu. Mimi nilikuwa na safari ya kwenda kuona duka linaloishi kwa ganda la tunda.

Nimezaliwa Muheza. Msomaji anayepajua atanielewa mara moja, maana mtu wa Muheza haambiwi chungwa ni nini. Babu ana miti ya kubebesha, machungwa juu ya mashina ya milimau, na kila msimu ni hadithi ileile. Fuso inaingia shambani, mnunuzi ameshalipa tangu mti una maua, bei ameipanga yeye. Yale yasiyopata nafasi kwenye gari yanamwagwa chini ya miti mpaka nyuki wanakuwa wengi kuliko sisi. Mwaka niliomaliza kidato cha nne tulizika machungwa shimoni kama taka. Sijawahi kulisahau shimo lile.

Sasa, wiki ya pili ya kozi, mwalimu alituletea tunda la njano lenye ganda la mabonde mabonde, lenye ukubwa wa chenza. Akalikata. Ndani mbegu zimejazana, maji ni ya kusingizia, na ukali wake unafunga taya. Kwetu lisingefika hata sokoni. Kisha akachukua kikwangulio, akaparuza ganda kidogo juu ya karatasi nyeupe, akaipitisha darasani. Ilipofika kwangu niliinusa nikasita kumpa jirani. Palikuwa na chenza mle, palikuwa na ndimu, na palikuwa na kitu cha tatu nilichokijua vizuri ila jina halikuja ulimini. Tunda lile ni yuzu. Asili yake ni China, lakini Wajapani wanalo kwa zaidi ya miaka elfu moja, na siku ya usiku mrefu kuliko yote, Desemba, wanayaelesha mazima mazima kwenye maji ya moto wakaogea. Nusu hivi ya yuzu yote ya nchi inatoka mkoa mmoja tu, Kochi. Lakini Kyoto nayo ina yake, ya kijiji cha Mizuo chini ya mlima Atago, na Kyoto hiyohiyo, mwalimu akasema, lipo duka linaloitwa Yaosan, lilianza mwaka 1708, nalo linajulikana kwa miso ya yuzu, rojo la soya lililochachushwa na kutiwa ganda lile.

1708. Niliandika tarehe hiyo pembeni ya daftari nikaikokotoa. Waomani walikuwa wamewatoa Wareno Fort Jesus miaka kumi tu iliyotangulia.

Kutoka stesheni kubwa ya Kyoto ni vituo vitatu vya treni ya chini ya ardhi, unashukia Karasuma Oike. Baridi ya siku ile sitaki kuizungumzia sana. Nilikuwa na sweta mbili na koti la kuazima, na bado masikio yalikuwa yanauma kana kwamba mtu ameyavuta. Mtaa wenyewe, Aneyakoji, ni mwembamba, magari yanapita kwa kunyata. Nililipita duka mara mbili. Nadhani kichwani nilikuwa natafuta kitu kikubwa, jengo linalolingana na miaka yake. Mara ya tatu ndipo nilipoinua macho nikaona ubao juu ya mlango, wa mti, wenye maandishi ya kuchonga yaliyojaa kama misuli. Ubao ule ni kazi ya Kitaoji Rosanjin, mzaliwa wa Kyoto, aliyefariki mwaka 1959. Anajulikana zaidi kwa vyombo vya udongo na kwa ulimi wake wa chakula, lakini ujanani alikuwa akiwachongea watu mihuri na mabango ya maduka. Mahali pengine ubao kama huo ungefungiwa ndani ya kioo. Hapo umetundikwa barabarani, unafanya kazi yake ya kuonyesha mlango.

Nikafungua. Hapakuwa na mtu.

Naomba nikae hapa kidogo, maana ndiyo sehemu ya safari ninayoirudia kila nikiulizwa habari za Japani. Duka kimya, mimi nimesimama na viatu vyangu vyenye maji, harufu ya mti wa zamani na kitu kitamu kwa mbali. Kijapani changu kilikuwa cha wiki tano. Nilijua kushukuru, kuomba radhi, na kuuliza choo kiko wapi. Sikujua mtu anaingiaje kwenye duka lisilo na mtu. Nikasubiri. Kisha mdomo wangu, bila kuniuliza, ukatoa neno unalolijua tangu utotoni: “Hodi!”

Na kutoka nyuma, mbali kabisa, sauti ya mwanamke ikajibu, “Haai!”

Moyo wangu ulilainika palepale. Akatoka mama wa makamo ya kuwa bibi, amejifunga aproni, akainama. Nami nikainama zaidi, maana shikamoo nilikuwa nayo na sikuwa na pa kuipeleka. Aliniuliza kitu, akaonyesha mdomo wake, akaonyesha mlango, na mwishowe tukaitoa simu yangu itutafsirie. Alitaka kujua nimesema neno gani. Nikamwandikia kwamba ni neno la kwetu, linasemwa mlangoni kabla mwenyeji hajaonekana, na kuingia bila kulisema ni kukosa adabu. Akaisoma simu taratibu, miwani ameishusha puani. Kisha akanifundisha lao: “Gomen kudasai.” Linasemwa hapohapo mlangoni, kwa sababu hiyohiyo. Akanirudisha nje ya mlango, kweli, akanifanya nitoke, nifunge, nifungue, niseme gomen kudasai, naye akanijibu. Halafu akalijaribu langu. “Ho-di.” Nikamwambia, “Karibu.” Ilikuwa imepita robo saa na hakuna aliyetaja bei ya kitu chochote.

Alinionjesha kwenye ncha ya kijiti. Miso wengi wetu tunaijua kama ile supu ya chumvi ya mahoteli ya Kijapani. Miso nyeupe ya Kyoto ni kitu kingine. Ni soya na mchele, na mchele ndio mwingi, mchele uliooteshwa ukungu uitwao koji, unaofanya kazi inayofanana na ya kimea kwenye togwa: unaugeuza wanga kuwa utamu. Chumvi yake ni kidogo, na inaiva kwa wiki chache tu, ilhali miso nyingine huwekwa miaka. Watu wakitengeneza miso ya yuzu huisonga taratibu kwenye moto mdogo pamoja na sukari, na ganda lililoparuzwa huingia mwishoni, kwa sababu harufu ya ganda ikikaa motoni inapaa na hairudi. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Ulimi ulikuwa haujasoma kitu. Kwanza ulikuja utamu, mzito, wa kutulia kama wa kunde zilizopikwa zikarojeka. Chumvi ikafuata nyuma yake. Halafu ganda likafunguka puani, na kile kitu cha tatu kikarudi, na bado sikukipatia jina.

Nilimwambia kwetu tunalima machungwa. Akauliza, na ganda mnalifanyia nini? Nikaitazama simu ile muda mrefu. Nikaandika: tunatupa. Hakunicheka wala hakunionea huruma. Alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za ukoo wa mbali, kisha akanipa msemo wao wa miti: mpichi miaka 3 hadi kuzaa, na yuzu, lile jinga kubwa, miaka 18. Hiyo ni ukipanda mbegu. Wakulima wa leo nao wanabebesha kama Babu. Lakini nilifikiri juu ya mtu wa zamani aliyepanda mbegu ile akijua kabisa mtoto wake ndiye atakayeparuza ganda.

Miso ile inauzwa pia katika chungu kidogo cha kauri kilichofinyangwa kwa umbo la yuzu lenyewe, chenye kifuniko. Bei yake ilinishtua, na nasema wazi kwamba niliweka chini, nikashika kopo la kawaida, nikarudisha kopo, nikakishika chungu tena. Pesa ile ilikuwa chakula changu cha siku mbili. Nilikichukua kwa ajili ya Mama na Babu. Yule mama alikifunga kwa karatasi, mikunjo yake imenyooka kama shuka ya hospitali, nikatoka nimekipakata kifuani.

Mchana ule niliingia mgahawa mmoja kwa sababu picha ya nje ilionyesha miso ya yuzu juu ya figili. Ni figili kweli, ile nyeupe yao nene kama mkono, imechemshwa mpaka inakatika kwa kijiti, imepakwa miso juu. Kipande kimoja, yeni 900. Karibu shilingi 15,000 kwa kipande cha figili! Kilikuwa kitamu, na bado nasema ni ghali. Chai ilikuwa ya bure, nikanywa vikombe vinne.

Wiki ya sita ilipita kwa mitihani na hotuba. Siku ya kuondoka, uwanjani, sanduku langu lilizidi uzito kwa kilo moja na kitu, na dada wa kaunta akanionyesha bei ya ziada. Ilizidi mara mbili ya bei ya chungu. Nikafungua sanduku sakafuni mbele za watu, nikatoa vitabu, nikatoa na chungu, nikavitia kwenye begi la mkononi. Nilijua chupa ya maji haipiti ukaguzi. Haikunijia kabisa kwamba miso nayo ni maji.

Kwenye mashine begi likarudishwa nyuma. Afisa kijana, glavu nyeupe, akakitoa chungu na karatasi yake, akasoma maandishi ya karatasi, uso wake ukabadilika. Alijua duka lile. Akainama na kuniambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba kitu laini kama hiki kinahesabiwa kimiminika, na kinazidi mililita 100. Naweza kurudi kaunta nikalipia kiende na mizigo. Au kibaki hapa.

Nililia. Sitaki kuficha. Nililia kwa sababu ya pesa, na kwa sababu ya karatasi ile nzuri iliyokwisha kufunguliwa, na kwa sababu kila kitu kizuri nilichowahi kutaka kumpelekea Babu kinakwamia kwa mtu wa mlangoni mwenye kanuni. Afisa hakuwa na kosa, na hilo lilinifanya nilie zaidi. Mwenzangu wa kozi, Mkenya kutoka Makueni, ndiye aliyeniuliza: “Dada, chungu nacho ni kimiminika?” Tukamuuliza afisa. Chungu kitupu kinapita.

Tukarudi nje ya foleni, tukaketi kwenye benchi. Mwenzangu alikuwa na matonge mawili ya wali yaliyofungwa kwa mwani, ya kununua dukani asubuhi. Tukachota miso kwa kijiko cha plastiki, tukapaka juu ya wali. Yeye alikuwa hajaionja. Alitafuna, akanyamaza, akachota tena. Kwao wanalima machungwa pia. “Hii ni ganda tu?” akauliza. Nikamjibu ni ganda, na miso, na sukari. Akasema, “Na sisi tunawapa ng'ombe.” Tulikula hadi ulimi ukachoka, na bado ilibaki nusu. Nusu ile niliikomba kwa mkono wangu mwenyewe ikaingia kwenye pipa, maana sikutaka mtu mwingine aifanye. Afisa alinipa karatasi laini za kufutia. Chungu kikapita.

Dubai, Dar es Salaam, basi la Tanga. Muheza nilifika saa mbili usiku.

Mama alikifunua chungu akatazama ndani, akanitazama mimi. Nikamweleza. Akakisogeza puani, akafumba macho. “Danzi,” akasema. “Ganda la danzi, lile la kwa bibi yako.” Ndilo hilo, jina lililonikimbia tangu darasani! Mdanzi wa uani kwa bibi, uliokatwa nikiwa darasa la pili kupisha choo kipya.

Babu alitaka kusikia bei tu. Nikamtajia bei ya chungu, na ya figili, akaniambia nirudie. Akauliza watu hao nyama ya tunda wanaifanyia nini. Nikamwambia nyama si kitu, Babu, wanataka ganda. Alikuwa na chungwa mkononi, la kijani kama yalivyo yetu yote, bado hajalimenya. Akalikwaruza kwa ukucha wa dole gumba, akalinusa. Akaligeuza upande wa pili, akalikwaruza tena.