Inayohusiana na

Nilikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, niko zamu wodi ya watoto hapa Dodoma. Ilikuwa Februari, mavuno bado mbali na vihenge vingi vimeshakombwa.

Bibi mmoja kutoka upande wa Bahi alimleta mjukuu wa miaka miwili. Utepe wa kupima unene wa mkono ulisoma sentimita 11.2, chini ya mpaka wa utapiamlo mkali, 11.5. Nikabonyeza miguu yote miwili, vishimo vikabaki: uvimbe. Daktari akaandika utapiamlo mkali, akaenda zake. Ikabaki kazi yangu, dayagnosisi ya kiuguzi, yaani kutaja tatizo ambalo muuguzi mwenyewe atalishughulikia, na chanzo chake. Majina ya matatizo hayo wauguzi huyapanga kwa makubaliano, kazi iliyoanza Marekani mwaka 1973, nasi tulikuwa tumeyakariri kama dua: tatizo, kisha "inayohusiana na", kisha "kama inavyothibitishwa na".

Nikaandika bila kusita: Lishe pungufu kuliko mahitaji ya mwili, inayohusiana na uelewa mdogo wa mlezi. Darasani kwetu karibu wote tuliandika hivyo. Tatizo unapewa na kitabu, uthibitisho unapewa na utepe. Pale katikati, kwenye chanzo, tuliwatupia lawama akina mama.

Sista wa zamu akasoma. "Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nikarudi kitandani.

"Mbukwa, bibi," nikamsalimu Kigogo. "Nyumbani mtoto anakula nini?"

"Uji wa uwele, mjukuu wangu. Natia karanga nilizotwanga. Maziwa nikiyapata. Mama yake ana mimba nyingine, ziwa alimwachisha mapema." Akanyamaza kidogo. "Mvua ilikata. Sasa tunapika jioni tu."

Nilikuwa nimekuja na somo la uji wa lishe kichwani. Amelitoa yeye.

"Ukiandika uelewa mdogo," Sista akasema, "kinachofuata kwenye mpango wako ni kufundisha. Utamfundisha nini huyu?"

Nikafuta, nikaandika upungufu wa chakula nyumbani. Basi mpango wote ukageuka: kuwaita ustawi wa jamii, kuuliza kliniki ya karibu na kwao, kumfuata mama mjamzito naye apimwe. Somo la uji halikuwemo.

Usiku ule mtoto alikuwa wa kunyweshwa F-75, maziwa ya tiba ya watoto wenye utapiamlo mkali, kila baada ya saa mbili, maana sukari ya watoto hawa hushuka upesi. Saa nane nilikuwa nimesinzia mezani. Mkono ukanigusa bega.

"Nesi, mjukuu wangu. Saa ya maziwa."

Kikombe alikuwa ameshakiosha.