Waliokosa viti ni hasi tano

Jioni nafundisha vijana wachache C++, lugha ya kuandikia programu, hapa Kondele, Kisumu, kwenye chumba kilicho juu ya duka la vipuri. Kelele za makanga tumeshazizoea. Leo mmoja wao alikuwa akiandika klasi (kifurushi cha data ndani ya programu) ya kuorodhesha wanafunzi waliokosa viti, na ndani yake kuna mstari huu wa kutenga safu, yaani orodha ya namba kamili (int), yenye nafasi sawa na wanafunzi ukitoa viti:

int waliokosa[WANAFUNZI - VITI];

Kwa wanafunzi 45 na viti 40, mambo shwari. Akapunguza wanafunzi wakawa 35. Safu ikawa na ukubwa wa -5, kitu ambacho C++ hairuhusu. Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ikalalamika na kutaja mstari, sawa kabisa. Kisha ikaongeza kwamba imepata hitilafu ya ndani, ikajifia.

"Pole Mwalimu, nimeharibu," kijana akasema, mikono nyuma kama aliyevunja glasi ya wageni.

Nikamwambia hajaharibu kitu. Hesabu yake ina kosa, ndiyo, lakini kompaila kutwa nzima inalishwa msimbo mbovu. Kuukataa bila kuanguka ni kazi yake. Mradi wa GCC, mojawapo ya kompaila za C++, una hata lebo maalumu ya hitilafu za namna hii, za kompaila kuangushwa na msimbo batili.

Shida ni kwamba kompaila haiishii kwenye kosa la kwanza. Inaendelea ili ikuonyeshe na mengine kwa mpigo mmoja, jambo lililokuwa na maana kubwa enzi za kadi za kutobolewa, ulipongoja zamu ya mashine kwa saa nyingi. Kwa hiyo pale penye ukubwa mbovu huweka alama tu kwamba hapa pana kosa. Baadaye, ikipanga klasi kwenye kumbukumbu, inataka idadi ya vipengele izidishe kwa baiti 4 za kila int. Ikikuta alama badala ya namba, na aliyeandika sehemu hiyo hakuweka ukaguzi, ndiyo basi tena. Nashuku yetu ilifia hapo, maana tulipoihamishia safu ileile ndani ya funksheni ya kawaida, ililalamika tu na kutulia.

Tukapunguza msimbo hadi ikabaki klasi yenye safu moja tu, bado inaangusha. Kijana mwenyewe ndiye aliyeandika ripoti na kutaja toleo la kompaila. Tangu hapo hashikiki: anajaribu kila ukubwa wa ajabu. Sifuri imepita bila neno, ingawa kiwango rasmi cha C++ kinaikataa.