Breki ya Mbele Iko Kushoto

Wiki ya tatu tangu nihamie, jirani alinigongea mlango huku ameshika baiskeli kwa usukani. Alikuwa ameniona zaidi ya mara moja nikisimama dirishani, nikikitazama kilima kilicho nyuma ya nyumba zetu na watu wenye helmeti wakishuka kutoka msituni, matope yamewafika kwenye nyusi. Hakuniuliza mengi. Alisema goti linamsumbua, daktari amemkataza kupanda baiskeli mpaka majira yapite, na chombo kinakaa bure. "Itumie," akasema, akaniachia na pampu.

Tangu nifike nilikuwa sijagusa kitu ninachokijua. Kila nilichotaka kusema nilikipanga kwanza kichwani, na nilipokuwa tayari mazungumzo yalikwishahamia kwingine. Baiskeli, nilijiambia, haina lugha. Nimeiendesha tangu utotoni, na miaka sita ya mwisho kabla ya kuhama nilikuwa nikiendesha ya milimani karibu kila Jumamosi. Niliamini kabisa kwamba nikishakaa kwenye kiti chake nitakuwa mtu yule yule niliyekuwa.

Jumamosi nilitoka mapema. Baiskeli yenyewe ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuendesha: shokapu mbele na nyuma, breki za diski, tairi pana zisizo na tyubu, zile zinazotiwa utomvu ndani ili tundu dogo lijizibe lenyewe. Nilipunguza upepo kidogo ili tairi ziikumbatie ardhi, nikaanza kupanda. Mwanzoni ilikuwa barabara ya changarawe ya malori ya magogo. Baadaye kibao kidogo kikanielekeza kwenye njia ya kupandia, nyembamba, inayokizunguka kilima kwa kona za kwenda na kurudi.

Niliipenda papo hapo. Katika kupanda hakuna la kutafsiri. Unaweka gia nyepesi kabisa, unasogea mbele ya kiti ili gurudumu la mbele lisinyanyuke, unatupa macho mita chache mbele, mengine ni pumzi. Misonobari ilisimama pande zote mbili, chini yake makangaga yaliyoanza kugeuka rangi ya kutu. Watu wawili walikuwa wakishuka kwa miguu. Nikasimama kuwapisha, wakanishukuru, nikaitikia bila kupanga neno. Nakumbuka nilivyofurahia kuitikia huko.

Kileleni palikuwa na ubao wa ramani. Rangi za njia nilikuwa nimejifunza kwa mfumo wa Uingereza: kijani kwa anayeanza, bluu kwa aliyezoea kidogo, nyekundu kwa aliyezoea hasa, nyeusi kwa bingwa. Hapa nyekundu haikuwepo. Palikuwa na duara la kijani, mraba wa bluu na almasi nyeusi, kama alama za kwenye miteremko ya kuteleza kwa theluji. Nikachagua bluu, nikiamini nimejishusha vya kutosha kwa siku ya kwanza. Sikujiuliza njia ambazo kwingine zingepakwa nyekundu hapa zimewekwa wapi. Zipo. Zimegawanywa kati ya bluu na nyeusi, na kwa hiyo bluu ya huku hubeba mzigo ambao bluu niliyoizoea haikuubeba.

Mita mia za kwanza zilikuwa tamu, kisha ikaja mizizi. Ilikatiza njia mshazari, imemenyeka kwa kupitiwa na tairi, na ilikuwa imelowa ingawa mvua haikunyesha kwa siku kadhaa. Nilitaka kupunguza mwendo kidogo tu kwa gurudumu la nyuma, kama nilivyofanya mara elfu. Nikabana kidole cha kushoto.

Gurudumu la mbele likasimama juu ya mzizi. Sikumbuki kuruka. Nakumbuka kiti kikinisukuma mgongoni, halafu niko chini, kiwiko kinawaka, na gurudumu la nyuma linazunguka hewani likitoa ule mlio wake wa tiki tiki tiki mpaka likanyamaza.

Jambo lenyewe nilikuwa nalijua, na ndilo lililoniumiza zaidi kuliko kiwiko. Aliyejifunza baiskeli kwa utaratibu wa Uingereza au Australia huikuta breki ya mbele mkono wa kulia. Marekani na sehemu kubwa ya bara la Ulaya ni kinyume, ya mbele iko kushoto, na nchi niliyohamia ilikuwa upande huo. Nilishalisoma. Asubuhi ile ile, barabarani, nilibana mikono yote miwili kwa zamu nikathibitisha. Lakini kwenye mizizi hakukuwa na nafasi ya kuthibitisha, na kidole kilikwenda kilikozoea. Si kosa dogo pia. Ukifunga breki, uzito wa mwili wote hukimbilia mbele. Tairi ya mbele hushika sana, ya nyuma hubaki nyepesi. Ndiyo maana breki ya mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha baiskeli, na ndiyo maana ukiikamata ghafla mahali penye utelezi haikusamehi.

Mchezo huu wenyewe, nikiufikiria, umejengwa juu ya breki. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County huko California walishusha baiskeli nzito za zamani kwenye vilima vya karibu na Mlima Tamalpais. Nyingi zilikuwa na breki ya ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ile unayoifunga kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza kushindana kwenye barabara moja ya vumbi karibu na mji wa Fairfax, inayoshuka takriban mita 400. Breki zilipata moto hadi grisi ya ndani ikachemka na kutoka moshi, na baada ya kushuka habu ilibidi ifunguliwe na kupakiwa grisi upya. Kutokana na kupakia huko mashindano yakaitwa Repack, yaani "pakia upya". Gary Fisher, mmoja wao, alishuka kwa dakika 4 na sekunde 22, na muda huo haukuvunjwa. Watu wale walijua kwa mikono yao breki zao zitafanya nini na wakati gani zitaishiwa nguvu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye chombo cha kisasa na mikono yangu haikujua lolote.

Nikainuka. Baiskeli ilikuwa nzima. Hofu ikanifanya nifanye kosa la pili, ambalo ndilo ninalotaka kulisimulia hasa: nikaapa nisiguse tena mkono wa kushoto, nikashuka kwa breki ya nyuma peke yake. Tairi ya nyuma ikafunga kwenye kila kona. Nilikuwa naiburuta, nainyoosha, naiburuta tena, udongo mweusi ukiruka, na nyuma yangu ukibaki mchirizi kama wa plau.

Kwenye kona moja iliyopinda sana kushoto alisimama mama mmoja mwenye mvi, sululu mkononi, mkono mwingine ameuinua. Nikasimama.

"Nimekusikia tangu kona mbili huko juu," alisema. Kwanza akakitazama kiwiko changu. Akaniambia nifumbe na kufumbua vidole, akamwaga maji ya chupa yake juu ya jeraha mpaka changarawe ikatoka. Ndipo akaitazama baiskeli. "Hii naijua." Akalitaja goti la jirani yangu. Mwisho akatazama juu, njiani, ule mchirizi wangu ulioishia miguuni petu.

Hakunikaripia. Nilimweleza kuhusu breki kwa maneno niliyokuwa nayo na kwa mikono, na katikati ya maelezo nikamwita mama, neno likanitoka kwa lugha yangu. Aliitika. Kisha akaniambia nishuke, niisukume baiskeli kwa miguu, nibane kushoto na kuona kinachosimama. Nikabana. Gurudumu la mbele. Tena. Gurudumu la mbele. Alinirudisha hivyo mara kumi, pengine na zaidi, kwa utulivu wa mtu ambaye hana pa kwenda, mpaka nikaanza kuisikia breki kidoleni kabla ya kuifikiri. Toka mfukoni akatoa utepe wa plastiki wa rangi ya chungwa, ule wanaoufunga mitini kuonyesha njia mpya itakapopita, akakata kipande, akakifunga kwenye kishikio cha kushoto.

Halafu akanionyesha alichokuwa akikifanya tangu asubuhi. Kona ile ilikuwa inakufa. Maji yalikuwa yameikata katikati, yameacha mizizi nje. Upande huo wa kilima unatazama kaskazini, alisema, jua huku linapita kusini, kwa hiyo unyevu hauondoki na udongo haukauki vizuri kabla ya mvua nyingine. Tairi iliyofungwa breki ikichimba mfereji, mvua ya kwanza inayokuja inaufuata. Ya pili inaupanua. Watu wanaukwepa kwa kupita pembeni, njia inakuwa pana, kisha pembeni nako kunakatika.

"Maji na baiskeli vinataka kitu kimoja," aliniambia, "kushuka. Kazi yetu ni kuviachanisha."

Nikaomba beleshi. Sikuomba kwa adabu tu. Nilikuwa nimeuona mchirizi ule ukishuka kutoka huko juu hadi hapo na nilijua ni wangu.

Tulifanya kazi mpaka alasiri. Nilidhani kutengeneza njia ya baiskeli ni kurudisha udongo shimoni na kuukanyaga. Kumbe ule udongo mweusi laini wenye harufu nzuri, ambao niliusifu wakati wa kupanda, haufai kitu. Ni majani yaliyooza. Unanyonya maji kama sifongo na haushikamani. Tuliuchota wote tukaumwaga chini ya mteremko, tukachimba mpaka tukafikia udongo wa chini, wa rangi ya kahawia, wenye mchanga na vijiwe, unaolia sululu ikiugonga. Huo ndio tuliousambaza na kuushindilia. Uso wa njia tuliuinamisha kidogo sana kuelekea upande wa bonde, ili maji yavuke yatoke yasipate kutembea nayo.

Mama alinifundisha kanuni ya nusu: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima inapopita. Ukizidi, maji huona njia ni rahisi kuliko kilima, nayo huichagua. Kona yetu ilikuwa imezidi, imechongwa zamani na mtu aliyekuwa na haraka ya kushuka. Kuihamisha kulihitaji watu wengi, kwa hiyo tukafanya lililowezekana. Mita chache juu yake tulichimba mahali pa njia kuzama kidogo na kuinuka tena. Mwendesha baiskeli hapo anahisi wimbi dogo tu, na hulifurahia. Maji hayawezi kupanda, yanalazimika kutoka.

Kati ya kuchimba na kupumzika alinieleza kwamba yeye na wenzake wachache wanakitunza kipande hicho kwa kujitolea, kwa makubaliano na wenye msitu. Nilikuwa nimepanda asubuhi nikidhani njia zile zipo tu, kama kilima kilivyopo. Kila kona niliyoiburuta ilikuwa na mgongo wa mtu ndani yake. Nilimwambia nasikitika. Akaniambia Jumamosi ijayo wataanza saa mbili asubuhi.

Jirani alipoliona jeraha alitaka kunibadilishia breki, kulia iwe mbele. Kwa breki za mafuta si kazi ndogo, mirija ifunguliwe na hewa itolewe, lakini alikuwa radhi. Nilikataa. Baiskeli yoyote nyingine nitakayoazimwa katika nchi hii itakuwa na breki ya mbele kushoto, na sikutaka mkono wangu uendelee kuishi nilikotoka peke yake. Utepe wa rangi ya chungwa ukabaki mahali pake. Kila Jumamosi niliamkia kilimani, asubuhi na beleshi, mchana na baiskeli. Niliishuka ile njia ya bluu polepole, kidole kimoja tu kwenye kila kishikio, nikifunga breki kabla ya kona na kuiachia ndani yake, na tairi ya nyuma haikuacha tena mchirizi.

Mvua kubwa ilianza wiki ya nne ya kazi hiyo. Ilinyesha usiku kucha, na Jumamosi asubuhi bado ilikuwa ikinyesha. Nilipanda kwa miguu, kwa sababu njia iliyolowa namna hiyo haikanyagwi na tairi. Kwa mbali nikaona koti la mama tayari liko pale.

Maji yalikuwa yakija kutoka juu, ya kahawia, yamebeba sindano za misonobari, yakifuata njia kama yalivyozoea. Yakafika kwenye wimbi letu. Yakajaa kidogo, yakazunguka, halafu yakageukia upande wa bonde na kumwagika kwenye makangaga. Chini ya hapo kona ilikuwa imelowa, lakini haikuwa na maji yanayokwenda. Tulisimama tukitazama kwa muda mrefu. Jani moja pana likanasa mdomoni mwa mfereji na maji yakaanza kupanda nyuma yake. Mama akanitazama asiseme kitu, nami nikainama nikaliondoa.